Kujenga upya faharasa ya utafutaji kwenye Dovecot

Mtumiaji anatafuta neno "mkataba". Barua anaiona kwa macho yake, lakini utafutaji unarudi mikono mitupu. Barua zake ni nzima. Kilichoharibika ni faharasa, yaani orodha ya maneno inayotumiwa kutafuta, nayo hujengwa upya kutoka kwenye barua zenyewe. Hapa tuna Dovecot 2.3, seva ya barua pepe, na fts-xapian, programu-jalizi yake ya utafutaji.

Anza na diski: df -h (nafasi), kisha df -i (idadi ya faili). Diski ikijaa au umeme ukikatika faharasa inapoandikwa, ndiyo basi tena. Halafu fungua logi kwa journalctl -u dovecot. Ukikuta DatabaseCorruptError, mchawi umempata.

Mtoe mtumiaji kwanza:

doveadm kick asha@ofisi.test

Ingia kwenye sanduku lake la barua, au pale INDEX= ya mail_location ilipoelekeza kama umeiweka. Ona, folda ya xapian-indexes hii hapa. Ihamishe, usiifute:

mv xapian-indexes xapian-indexes.mbovu

Hapa ndipo wengi huharibu. Jirani yake kuna dovecot-uidlist na dovecot.index; hizo usiziguse kabisa. Ukifuta dovecot-uidlist kwenye Maildir (muundo wa kila barua faili lake), simu na kompyuta za mtumiaji zitapakua barua zote upya. Kwenye mdbox (muundo wa barua nyingi kwenye faili moja), kufuta dovecot.index kunapoteza hata alama za barua zilizokwisha kusomwa.

Sasa amri mbili, kwa mpangilio huu:

doveadm fts rescan -u asha@ofisi.test
doveadm -v index -u asha@ofisi.test '*'

Ya kwanza haijengi chochote, inalinganisha tu faharasa na barua zilizopo. Ukiishia hapo, utangoja hadi kesho. Na zile alama za nukuu kwenye nyota si urembo: bila hizo, nyota inageuka kuwa majina ya faili za folda uliyomo.

Kwa watumiaji wote weka -A badala ya -u asha@ofisi.test, ongeza -q kwenye amri ya pili kazi iende foleni, na ifanye usiku. Foleni hiyo hushughulikiwa na indexer-worker, ambayo kwa kawaida ina kikomo cha memori cha MB 256 (vsz_limit). Ikifia njiani kwa kukosa memori, panua vsz_limit yake hadi 2G, kisha uwashe Dovecot upya.

Jaribu:

time doveadm search -u asha@ofisi.test mailbox INBOX body mkataba

Angalia na muda pia. Kama fts_enforced, inayolazimisha utafutaji utumie faharasa, haijawekwa yes, Dovecot inaweza kukupa jibu sahihi kwa kufungua barua mojamoja, ukadhani faharasa imepona. Jibu likija papo hapo, futa ile xapian-indexes.mbovu.