Mtoto Mmoja, Kadi Saba

Mhadhara uliotolewa Nairobi mbele ya wazazi, wauguzi na maafisa wa afya

Bwana mwenyekiti, wazazi, wauguzi wenzangu, na nyinyi madaktari mliokaa karibu na mlango ili mpate pa kutorokea, hamjambo.

Wengi wenu mmeshanisikia nikisema kwamba mtoto mwenye maradhi ya kudumu anahitaji daftari moja la matibabu yake yote. Najua huko kazini mmenibandika jina, Sista Daftari, na silikatai. Mwenyekiti ameniandikia mambo sita nizungumzie, yako hapa kwenye karatasi. Nitajaribu. Lakini naanza na lile la kiondo, na wanaonijua wanajua nikishaanza na kiondo huwa sifiki mbali.

Kuna mama mmoja wa Kayole. Jina lake nalihifadhi. Mwanawe wakati huo alikuwa na miaka sita, ana mtindio wa ubongo na kifafa juu yake. Mtoto mcheshi ajabu: hasemi, lakini makanga akigonga bodi ya matatu yeye huangua kicheko mpaka abiria wote wacheke. Mama huyo alikuwa na kadi saba. Ya kifafa, ya mazoezi ya viungo, ya okupesheno, ya macho, ya meno, ya lishe, na ya kifua, maana mtoto alikuwa hapitishi miezi miwili bila homa ya mapafu. Kadi saba, milango saba, na kila mlango una siku yake. Wewe uliyepanga Jumanne iwe ya macho na Alhamisi iwe ya lishe, umewahi kubeba mtoto wa miaka sita mgongoni kutoka Kayole, ukashuka Muthurwa, ukavuka barabara, ukapanda gari la pili? Na ukija na kiti cha magurudumu, makanga anakidai nauli kama mtu mzima. Ukikataa kulipa, shuka.

Na kila mlango una swali lake la kwanza, ni lile lile. "Mama, mtoto alilia alipozaliwa?" Daktari anauliza, mwanafunzi anauliza, mwanafunzi wa mwanafunzi naye anauliza. Siku moja akanijibu mimi, kwa sababu na mimi nilimwuliza, nisijifanye malaika: "Sista, yeye alikosa kulia siku moja tu. Mimi mnaniliza kila kliniki."

Sasa nifuateni polepole hapa.

Nyumbani, mama akienda kibarua, mtoto analishwa na nyanya yake. Nyanya anamlaza chali miguuni, anamnywesha uji mwepesi, kama alivyolea watoto wake wote na wakakua. Lakini mtoto mwenye mtindio wa ubongo misuli ya koo lake haielewani. Uji kidogo unateremka njia yake, kidogo unateleza kwenye njia ya hewa. Leo kijiko, kesho kijiko, baada ya wiki chache mapafu yanawaka. Yule wa okupesheno, ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kula, kushika na kuvaa, alikuwa ameliona. Ameandika kwenye kadi, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: akalishwe akiwa wima, kidevu kishuke kidogo, uji uwe mzito. Nimeisoma kadi hiyo kwa macho yangu. Lakini ni kadi ya okupesheno! Kliniki ya kifua iko ng'ambo ya ua, hatua mia mbili hivi, na huko wanasoma kadi ya kifua. Wakatibu homa ya mapafu mara ya kwanza, wakatibu mara ya pili. Nyanya hakuambiwa neno.

Mara ya tatu mama hakuwa na nauli ya kuja kwetu. Akaenda kituo cha karibu na nyumbani, akapewa erithromisini, antibiotiki ya kutibu kifua. Ni dawa nzuri, na aliyeitoa simlaumu. Lakini kifafa cha huyu mtoto kilikuwa kinazuiwa na kabamazepini. Kabamazepini huvunjwavunjwa na ini. Erithromisini inalifunga ini mikono, lisiivunje kwa kasi yake ya kawaida. Kijiko ni kile kile, mama hajaongeza hata tone, lakini dawa inajazana kwenye damu siku baada ya siku. Siku ya tatu mtoto amelegea, anatapika, macho yanachezacheza. Alikuwa ameanza kukaa bila kushikiliwa, mama alikuwa amepiga hadi picha. Sasa ukimkalisha anaanguka ubavu.

Mama akakimbilia hospitali nyingine, usiku. Wewe uko zamu peke yako, unaletewa mtoto wa kifafa, amelegea, macho yanacheza. Utafikiria nini? Kifafa kimezidi.

Dawa ya kifafa ikaongezwa.

Naona wafamasia wanashika vichwa. Ndiyo. Ikaongezwa.

Laiti ningeweza kusema niligundua mimi. Aligundua kijana wa famasia aliyekuwa bado kwenye mafunzo, dirishani, mama alipokwenda kuchukua hiyo dozi mpya. Alimwambia tu, "Mama, hebu nionyeshe kila kitu anachokunywa." Na mama akamwaga kiondo kwenye kaunta. Zikatoka kadi saba zimefungwa kwa mpira wa nywele, eksirei iliyokunjwa mara nne, chupa ya uji, soksi moja, na chupa tatu za dawa. Kijana akashika chupa moja mkono huu, nyingine mkono huu, akanyamaza kidogo, kisha akaingia ndani kumpigia daktari simu. Erithromisini ikasimamishwa, dozi ikarudishwa. Baada ya siku chache mtoto akakaa tena.

Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Kenya tuna mfumo wa kumbukumbu unaounganisha kliniki zote, msicheke. Tunao. Unaitwa kiondo.

Kuna mtu hapa anasema moyoni, mama angeeleza. Alieleza! Aliulizwa kama mtoto anatumia dawa nyingine, akasema "ile ya kifafa". Ipi? Kuna fenobabitoni, kuna valproeti, kuna kabamazepini, na si zote zinazogombana na erithromisini namna hiyo. Lebo ya chupa ilikuwa imefutika kwa mafuta ya mikono. Mnataka mama asiyelala usiku awe mfamasia, awe karani, awe tarishi wa kupeleka habari kutoka mlango mmoja hadi mwingine, halafu akisahau jambo moja tumwandike kwamba ni mzembe. Nimeona neno hilo kwenye faili. Sitasema faili ya wapi.

Na hizo kadi zenyewe! Zamani zilikuwa zinafungwa kwenye juala la plastiki. Majuala yalipigwa marufuku Agosti 2017, na mimi naunga mkono, mitaro yetu ilikuwa imeziba. Lakini mvua ya Aprili ikimkuta mama pale stendi, kadi zinalowa, wino unakimbia. Nimewahi kushika kadi ya mtoto dirishani, nikaigeuzageuza kwenye mwanga kama noti bandia, nikitafuta tarehe ya kurudi.

Sasa ninachotaka. Nataka daftari moja, na mtu mmoja. Basi.

Daftari si ndoto yangu. Wajapani walianza kumpa mama kijitabu cha afya yake na ya mtoto mwaka 1948, nchi ikiwa bado inajikusanya kutoka vitani. Na sisi tunacho, kijitabu cha mama na mtoto. Kuna akina mama wanakitunza kuliko cheti cha ndoa. Marekani nako, American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto, mwaka 1967 waliandika kwamba mtoto mwenye maradhi ya kudumu anahitaji nyumba ya matibabu. Unajua nyumba hiyo hapo mwanzo ilikuwa na maana gani? Mahali pamoja pa kuweka faili zake. Hilo tu! Baadaye ndipo watu kama Dakta Calvin Sia wa Hawaii walipolipanua liwe na maana ya watu wanaomjua mtoto na familia yake na kushika hatamu za matibabu yake yote. Lakini walianzia kwenye faili, hawakuanzia kwenye jengo.

Shida ya kijitabu chetu ni kwamba kinamsindikiza mtoto mpaka miaka 5, halafu kinamuaga. Kifafa hakimuagi. Na kurasa zake ni za chanjo na uzani. Mtoto aliyetolewa maji kichwani, akawekewa mrija, hilo linaandikwa wapi? Mtoto huyo akianza kutapika na kuumwa na kichwa, kituo kitamtibu malaria, na kumbe mrija umeziba. Ukurasa wa kwanza wa daftari ungesema kwa herufi kubwa: ANA MRIJA KICHWANI, AKITAPIKA APELEKWE HOSPITALI YA UPASUAJI SIKU HIYO HIYO. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, wengi wao mwili hauvumilii mpira wa glavu. Ukurasa wa kwanza: MSIMGUSE KWA GLAVU ZA MPIRA. Huyu wangu wa Kayole: alishwe wima; dawa ni kabamazepini, miligramu kadhaa, imebadilishwa tarehe fulani na fulani. Na mimba ilivyokuwa, na kwamba hakulia. Liandikwe mara moja, asiulizwe tena.

Mtaniambia kompyuta. Kila nikitoa mhadhara huu kuna kijana wa kompyuta anayesimama. Mwanangu, keti. Kompyuta naitaka sana. Lakini ya hospitali hii haijui ya kituo kile, na stima ikipotea hazijuani zote. Siku zitakapojuana, daftari litakuwa limeshapanga habari za kuingiza. Mtaniambia pia siri za mgonjwa, kuna sheria ya kulinda data ya 2019. Naiheshimu. Ndiyo maana daftari linakaa kwa mama. Yeye ndiye anayelifungua, na asipotaka analifunga.

Sasa huyo mtu mmoja. Hapa ndipo maafisa wa kaunti huanza kutazama simu, wakisikia cheo kipya, mshahara mpya. Sijaomba cheo. Nimeomba kila mtoto wa aina hii awe na muuguzi mmoja ambaye jina lake limeandikwa kwenye jalada, ambaye mama anaweza kumpigia, na ambaye daktari wa macho akibadilisha kitu ataambiwa. Simu ya kazi na kikao cha nusu saa kwa wiki. Kwetu tulifanya jambo dogo: kliniki ya kifafa, mazoezi na okupesheno tukaziweka siku moja, jengo moja. Gharama yake ilikuwa mabenchi mawili na ugomvi wa chumba uliochukua miezi minne. Ugomvi ulikuwa mgumu kuliko pesa, niamini, kuna mtu mpaka leo hanisalimii. Lakini wa okupesheno sasa akiona mtoto anakohoa akinywa, anageuka tu kwenye kiti anamwambia daktari.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza jambo moja na nusu kati ya sita, afadhali kuliko mara iliyopita.

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa. Ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani ya hospitali, Oktoba 2024. Jisajilini, mwandikishe na watoto, msingoje mpaka mtoto awe amelazwa. Mengine ya SHA ni mhadhara wa mtu mwingine, na awe na moyo mgumu.

Shule. Vile vituo vya kupima mahitaji ya watoto, chini ya wizara ya elimu, viko tangu 1984. Huko pia mama anaulizwa kama mtoto alilia. Daftari hilo hilo liende huko.

Wahudumu wa afya ya jamii, mlioletewa mikoba yenu 2023: nyinyi mnaingia nyumbani, sisi hatuingii. Mtazameni nyanya anavyolisha. Hilo peke yake lingemwondolea mtoto wangu kadi ya saba.

Watoto wanaofikisha miaka 13 wakahamishiwa wodi ya watu wazima bila barua, hilo naliacha, nikilianza tutalala hapa.

Wazazi mliokuja na viondo, msiondoke. Kwenye meza ile ya kushoto kuna madaftari ya kawaida, yale ya mistari ya watoto wa shule, na wafamasia wawili wamekubali kukaa mpaka saa kumi. Anzeni na dawa: jina, kiasi, nani aliandika, lini. Chupa ambazo lebo imefutika msizitupe kwanza, na msibahatishe jina. Nileteeni mimi, tutapigia kliniki iliyoitoa tuwaulize.