Pima Mlima Kabla ya Kununua Kamera

Mhadhara kwa wapiga picha vijana, Goma

Jambo kwenu ndugu zangu, jambo dada zangu. Nawashukuru mmekuja pamoja na mvua hii. Wengi wenu mnanifahamu na mnajua nitakalosema, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza kamera ni kitu gani wala shata, lile pazia la ndani, inafunguka vipi. Nimeombwa tuongee juu ya kuchagua kamera ya kupigia mandhari. Swali ninaloulizwa ni lile lile siku zote: "Papa, ninunue ya megapikseli ngapi?" Yaani picha iwe na vidoti milioni ngapi. Na mimi huuliza: unataka kupiga nini, na utakuwa umesimama wapi? Hapo mtu ananyamaza. Dola amekwisha kuzipanga, na muuzaji wa Birere, mtaa wetu wa maduka, wamekwisha kuahidiana, lakini mahali pa kusimama hajapafikiria.

Basi leo tusimame mahali. Tusimame hapa mjini, karibu na ziwa, tutazame kaskazini, saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawingu hayajafunika Nyiragongo, volkano yetu. Kilele kina mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Toeni. Mlima umetuzidi kwa mita 2,000 na kidogo. Kutoka hapa mpaka kwenye shimo lake ni kama kilomita 20. Sasa gawanyeni mita 2,000 kwa mita 20,000. Mnapata moja ya kumi. Ishikeni hiyo moja ya kumi, mengine yote ya leo yanatoka humo.

Kitu kikiwa mbali, kimo chake juu ya kihisi, yaani kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, kinapatikana kwa kuzidisha uwiano ule na milimita za lenzi, ile namba iliyoandikwa juu yake. Hakuna uchawi mwingine. Lenzi mnayouziwa pamoja na kamera ni ya 18-55, na wengi mnaifungua mpaka 18 kwa sababu mmeambiwa mandhari hupigwa na lenzi pana. Moja ya kumi ya 18 ni milimita 1.8. Kihisi cha kamera nyingi mlizonazo, zile za APS-C, yaani za kihisi cha ukubwa wa kati, kina kimo cha karibu milimita 16. Kwa hiyo mlima mzima, kuanzia ziwani hadi kileleni, umekaa kwenye sehemu moja ya tisa ya picha. Juu yake ni anga tupu, chini yake mabati na nyaya za umeme. Sasa wekeni lenzi ya 100. Moja ya kumi ya 100 ni milimita 10, karibu theluthi mbili za kimo cha picha. Kamera ni ile ile na hamkusogea hata hatua moja.

Kuna kijana aliniletea picha ya Nyiragongo kwenye kompyuta yake. Asubuhi ilikuwa nzuri, mvua ilikuwa imenyesha usiku, hewa imeoshwa. Aliamka mapema, alipanda juu ya nyumba ya ghorofa, alifanya kazi kwa bidii kabisa. Na mlima ulikuwa kama kichuguu nyuma ya mabati. Akaniambia, "Papa, unaona apareyi (kamera) hii haina nguvu. Ni ya megapikseli 24. Nataka niiuze nitafute ya 45." Nikamwambia tukate kwanza hiyo picha, tubakize mlima tu, uwe mkubwa kama ungepigwa na lenzi ya 100. Tukakata. Kutoka 18 mpaka 100 ni mara tano na nusu kwa upana, na mara tano na nusu tena kwa kimo. Zidisha, ni kama mara 31. Megapikseli 24 ukizigawa kwa 31 hazifiki hata moja. Kingo za shimo zilikuwa ngazi za vidoti, moshi umekuwa doa la kijivu.

Akasema, "Ndiyo maana nataka 45." Haya, tugawe 45 kwa 31. Ni moja na nusu. Televisheni ya kawaida ya HD ina vidoti 1,920 kwa 1,080, zaidi ya milioni mbili. Kwa hiyo kijana angeuza alichonacho, angeongeza akiba yake yote, angesubiri mzigo, na mwisho mlima wake usingeijaza hata televisheni ya sebuleni kwao! Hili linaniuma. Linaniuma kwa sababu pesa hizi zinatoka kwenye harusi na komunyo mnazopiga Jumamosi hadi usiku, halafu zinaishia kwenye namba iliyoandikwa juu ya boksi.

Kijana yule alipata lenzi ya 70-300 iliyokwisha kutumika, akaifunga kwenye kamera ile ile ya 24. Siku hizi ukitazama picha zake unaona Shaheru, kile kilima cha upande wa kusini, kimejitenga na mlima mkubwa, na kati yao kuna ukungu. Unaona mahali msitu unapoisha na mawe yanapoanza. Vitu hivyo vilikuwapo siku zote, milimita 1.8 haikuwa na nafasi ya kuvibeba.

Najua mtu ataniambia kwamba wapiga mandhari wakubwa wote wana lenzi pana. Kweli, wanazo, na wanazitumia kwa kitu walichokikaribia. Lenzi pana inakuza kilicho miguuni pako na kurudisha nyuma kilicho mbali. Nenda Buhene, kaskazini mwa mji, kwenye lava ya 2021, uchuchumae, uweke mbele yako jiwe lililoganda kwa mikunjo, na mlima ukae nyuma kidogo. Hapo 18 ni mali. Hata lava ya 2002 iliyopita katikati ya mji bado inaonekana sehemu nyingi, mnaipita kila siku bila kuitazama. Lakini ukisimama mtaani Himbi na lenzi pana ukitaka volkano, unapiga barabara.

Mwingine atasema, basi si tupande juu tukaukaribie? Ndugu yangu, njia ya kupanda imefungwa mara ngapi, na kwa miezi mingapi? Kila mtu humu anajua hali. Ikiwa miguu haiwezi kwenda, lenzi ndiyo iende.

Na simu? Simu ni nzuri, sigombani nayo. Ila lenzi kuu ya simu nyingi ni pana kama hiyo 18, au pana zaidi. Rudieni hesabu yenu, mtakuta mlima ni mdogo vile vile.

Sasa megapikseli, ili tumalizane nazo. Picha ya megapikseli 24 ina vidoti 6,000 kwa 4,000. Ukiichapisha kwa vidoti 300 kila inchi, ubora wa kitabu kizuri, unapata picha ya sentimita 50 kwa 34. Ni nani humu amewahi kuchapisha kubwa kuliko hiyo? Anyooshe mkono. Naona mikono miwili, ninyi wawili tutaongea pembeni. Wengine wote, 24 inawatosha, na kamera za 24 za miaka kumi iliyopita bado ni kamera. Nikon D7200 ilitoka 2015, na hakuna mlima hapa ambao umeishinda.

Kuhusu ukubwa wa kihisi, hapa nitawakera baadhi yenu. Mnaota kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24. Ni kweli kinakusanya mwanga zaidi na kivuli chake ni safi zaidi. Lakini rudini kwenye moja ya kumi yetu: lenzi ya 100 inauweka mlima kwenye milimita 10 zile zile, na sasa kimo cha kihisi ni 24. Mlima umerudi kuwa mdogo! Ili uupate kama mwanzo unahitaji lenzi ya 150 au 160, iliyo nzito zaidi na ya bei kubwa zaidi. Kwa mtu wa hapa, ambaye milima yake yote iko mbali, APS-C inamsaidia, haimpunguzii kitu. Ukiwa na dola 500, nusu yake isiguse kamera kabisa. Iende kwenye lenzi na trepie, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera.

Nimeona ndugu msimamizi amesimama. Nitakimbia.

Trepie. Huku kwetu karibu na ikweta jua likizama giza linakuja haraka, dakika ishirini na kitu tu na mwanga mzuri umekwisha. Katika dakika hizo utapiga kwa f/8, yaani tundu la lenzi limebanwa, na ISO 100, yaani kihisi kisichokuzwa mwanga, na shata itakaa wazi sekunde nzima au zaidi. Mkono hauwezi, na kwa lenzi ndefu mkono ni adui kabisa. Nunua miguu mizito, isiyo ya plastiki, usiivute juu ile nguzo ya katikati, na upepo wa ziwa ukija tundika chini yake mfuko wa mawe. Mawe hapa hayanunuliwi. Tumia kichelewesho cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera, na uzime kituliza mtikisiko cha lenzi.

Pigeni RAW, yaani data ghafi ya kihisi, msipige JPEG, faili la kawaida la picha. Asubuhi anga inawaka na mji bado una giza. JPEG inagawa mwanga wa kila rangi katika ngazi 256, RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kivuli unachotaka kukifungua baadaye kimo humo. Kamera isiyotoa RAW, iacheni dukani hata ikiwa mpya.

Vumbi letu jeusi ni mawe ya lava yaliyosagwa, linakwaruza kioo. Usipanguse lenzi kwa shati, puliza kwanza kwa kile kipira cha mkono. Na usibadilishe lenzi kando ya barabara pikipiki zikipita.

Betri. Kamera yenye kioo cha kuakisi ndani (DSLR), ya kuchungulia kwa jicho, inakula betri kidogo kuliko hizi mpya zisizo na kioo hicho ambazo skrini yake inawaka muda wote. Umeme ukikatika siku mbili utaelewa kwa nini nasema hivi. Ukipenda hizo mpya, sawa, ongeza betri kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukinunua iliyotumika, piga anga jeupe kwa f/16 kisha ukuze picha, kila doa jeusi ni uchafu juu ya kihisi. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, irudishe hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Na lenzi ndefu inaonekana kutoka mbali. Usiielekeze upande wa uwanja wa ndege, wala mpakani, wala penye askari. Piga simu kwa mtu wa mtaa ule kabla hujafika, ujulikane.

Filta nilitaka kuziongea, hakuna muda, na hazitaokoa picha ya milimita 1.8.

Dada ameuliza kuhusu Mikeno, anaupiga kutoka hapa mjini kila hewa ikiwa safi na haridhiki. Swali zuri kabisa, lakini sitakupa milimita mdomoni. Mikeno una mita 4,437. Toa mita za ziwa. Chukua ramani, pima kilomita kutoka kwenye paa lenu, ugawe, uzidishe kwa lenzi uliyo nayo, halafu ulinganishe na zile milimita 16. Na ninyi wengine fanyeni hivyo kwa mlima mnaoupenda. Jumamosi asubuhi nitakuwa Birere. Atakayekuja na hesabu yake kwenye karatasi nitaingia naye dukani tuikague lenzi kwa tochi. Atakayekuja na namba ya megapikseli, nitamtuma kwanza arudi na ramani.