Sentimita Mbili za Uluguru

Ndugu zangu waokoaji, mtanisamehe nikianza tena na rula, kwa kuwa ndiyo inayotuangusha kila mwaka. Katika ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na kiongozi wa kikosi aliyezoea barabara za Dar es Salaam akishapima hivyo hutangaza redioni kwamba atamfikia majeruhi baada ya dakika 15. Kiongozi huyo nimewahi kuwa mimi, katika zoezi la milima ya Uluguru, na dakika zangu 15 zilikuwa saa mbili na nusu.

Kambi ilikuwa mita 1,240 kutoka usawa wa bahari na majeruhi wetu wa mazoezi mita 1,480, nami nikatoa nikapata mita 240. Laiti ningetazama jinsi kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja, zilivyojikunja! Katikati zilichora V yenye ncha iliyoelekea kwenye namba kubwa, na V ya namna hiyo ni korongo. Ya mgongo wa mlima huelekeza ncha kwenye namba ndogo. Kontua zikiwa zimepishana kwa mita 20 za mwinuko, ilitupasa tushuke mistari 6 hadi mtoni, mita 120, ndipo tupande mistari 18, yaani mita 360. Kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeitoa mwaka 1892, hukadiria saa 1 kwa kilomita 5 na saa nyingine kwa mita 600 za kupanda, hivyo kilomita yetu 1 na mita 360 za kupanda ni dakika 48, tena za mtu anayefuata njia bila machela, si za kikosi kinachoteleza kwenye matope ya msituni.

Najua kuna anayesema moyoni kwamba simu yake ina GPS. Nasi tulikuwa nazo, na ndizo zilizonipa urefu wa nukta zote mbili bila kosa; korongo sikuziuliza. Mwingine atasema kazi yake ni mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam. Huko kontua za mita 20 hazimfai kitu, maana mto Msimbazi ukipanda mita 2 tu maji yako madirishani na ramani haijaonyesha lolote.

Vivyo hivyo genge la mwamba la mita 15 laweza kujificha kati ya kontua mbili bila kugusa hata moja. Tofauti ya kaskazini ya dira na ya ramani itangoja, muda umenitupa mkono. Chukueni penseli, mchore njia kutoka kambini hadi kwa majeruhi, na kila inapokata kontua mwandike namba yake.