Nasaga punje moja ya kahawa saa nzima: ninachosomea India

Haya, mnanisikia? Subirini nisogeze simu, dirisha linanifanya niwe kivuli tu. Hapo sawa.

Habari zenu watu wangu, wa Moshi, wa Arusha, na nyie wa Dar mnaokuja huku Desemba na masweta matatu matatu. Leo sipo Kolkata, India, ninakosoma. Nipo Kibosho, jikoni kwa mama, likizo ya wiki tatu, na mlima nimeuona mara moja tu, alfajiri, kisha ukajifunika blanketi lake.

Niliahidi video ya hosteli na ya wale samaki wa haradali. Itakuja. Ila tangu nifike, geti la mama halikauki watu. Habari imetembea kwamba daktari amerudi kutoka India, na kila mmoja ana lake. Huyu goti, yule mtoto hasinzii usiku, dada mmoja wa saluni anataka kitu cha kukata kitambi "ila kisiwe na madhara". Nikisema mimi ni mwanafunzi wanacheka, wanadhani najishusha. Juzi asubuhi akaja mzee mmoja jirani, huyo nitamrudia. Alipoondoka nikamwambia mama, naomba meza yako, kinu chako cha iliki na punje moja ya kahawa mbichi. Narekodi niwaonyeshe ninachosomea: homeopathi, tiba ya dawa zinazozimuliwa mara nyingi.

Naanza na aibu yangu. Nilipomaliza kidato cha sita, wakala mmoja wa vyuo pale mjini alinipa fomu, akaniambia ni udaktari. Fomu imeandikwa BHMS. Mimi nilikuwa nimesikia MBBS, ile shahada ya udaktari wa kawaida, nikadhani Wahindi ndivyo wanavyozipanga herufi zao. Hiyo H, ya homeopathi, nimekuja kuijua Kolkata, wiki ya kwanza, mbele ya ratiba ya vipindi: anatomia, fiziolojia, famasia ya homeopathi. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaingia darasani, kwa sababu ndani ya ile ada kulikuwa na ng'ombe wawili wa baba.

Sasa msije mkadhani ni chuo cha uchochoroni. Kule homeopathi ina sheria yake tangu 1973, ina vyuo zaidi ya 200, ina kitabu rasmi cha serikali cha kutengenezea dawa ambacho juzuu ya kwanza ilitoka 1971. Unasoma miaka minne na nusu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya hospitali. Maiti tunapasua kama wengine. Mabibi wa Kolkata wanakwenda kwenye zahanati za homeopathi kama nyie mnavyokwenda duka la dawa, na vidonge vyenyewe vinaitwa meethi goli, vidonge vitamu.

Famasia ndilo somo nililolipenda, na siwadanganyi, ni ufundi. Tunapima uzito wa spiriti, tunapima usafi wa sukari ya maziwa, tunakusanya majani na kuyakausha kwenye kitabu. Hata vile vidonge vyeupe, vidogo kama mbegu za ulezi, vina namba. Unavipanga kumi kwenye rula, vigusane, unasoma milimita. Vikifika milimita 40, hiyo ni saizi namba 40. Mwalimu wetu anapita na miwani puani, kimoja kikikaa upande anakwambia anza upya.

Haya, tazameni hapa kinuni. Hii ni punje ya arabika kutoka hapo nyuma ya nyumba, haijakaangwa. Homeopathi ina dawa inayoitwa Coffea cruda, ndiyo hii hii. Kanuni yao ni kwamba kinachomletea mtu asiyeumwa dalili fulani, kikizimuliwa sana, kinamtibu mgonjwa mwenye dalili hizo hizo. Kahawa inakunyima usingizi, basi kahawa iliyozimuliwa mpewe mliokosa usingizi. Sukari ya maziwa hapa sina, nimetia sukari ya kawaida niwaonyeshe mkono tu. Unachukua sehemu moja ya dawa na 99 za sukari. Sukari unaigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza, saga dakika sita, kwangua kinu dakika nne. Saga tena sita, kwangua nne. Hizo ni dakika 20. Fungu la pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo. Saa nzima. Na hiyo ni 1C tu, kuzimua moja kwa mia mara ya kwanza! Unachukua sehemu moja ya huo unga, unaanza na sukari mpya, saa nyingine.

Mama hapo nyuma anauliza kama nitamaliza kabla ya ndizi kuiva. Mama, bado.

Kwa dawa ya maji ni rahisi kidogo. Tone moja kwenye matone 99 ya spiriti, chupa usiijaze, unafunga, unaigonga kwa nguvu mara kumi. Aliyeanzisha mambo haya, Mjerumani Samuel Hahnemann, alielekeza igongwe juu ya kitu kigumu chenye kunepa, mfano kitabu chenye jalada la ngozi. Mimi hosteli nimegongea kitabu cha nyimbo alichonipa bibi. Bibi asisikie. Kutoka hapo unachukua tone moja, unalitia kwenye 99 mapya, unagonga tena. Hiyo ni 2C, sehemu moja katika 10,000. Ya tatu ni moja katika milioni. Dukani ukiomba dawa, mara nyingi utapewa 30C.

Mwaka wa kwanza usiku mmoja nilikaa na kikokotozi. Nikachukua tone moja la kahawa, nikalidondosha kichwani mwangu ndani ya Ziwa Victoria lote, Mwanza mpaka Kisumu mpaka Entebbe, nikalikoroga. Unajua imefika ngapi? Haijafika hata 10C. Nikahamia baharini, bahari zote za dunia, tone lile lile moja. Imevuka 12C kidogo. Na hapo kwenye 12 ndipo kemia ya kidato cha tano inapokugonga kichwani, ile namba ya Avogadro ya kuhesabia molekuli, kwa sababu hata ungeanza na gramu mia nzima za kahawa, huko mbele hutegemei tena kukuta molekuli hata moja ndani ya kichupa. Thelathini bado iko mbali sana. Nilimuuliza mwalimu. Alinijibu kwa upole kwamba nguvu ya dawa haiko kwenye maada. Nikaandika kwenye daftari, kwa sababu lilikuwa swali la mtihani.

Kwa hiyo dada wa saluni, ulivyosema kisiwe na madhara, 30C haitakudhuru. Ila msichukue kwamba kila chenye jina la homeopathi ni maji. Zile za namba ndogo, na ile ya kwanza kabisa isiyozimuliwa, tunaiita tinkcha mama, zina mmea wenyewe ndani. Nux vomica ni mbegu zenye strikinini, sumu ya kuua mbwa. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wazazi juu ya vidonge vya homeopathi vya watoto wanaoota meno, baada ya kupima baadhi na kukuta beladona, mmea wenye sumu, ndani, na kingine kina zaidi ya kilichoandikwa. Famasia ndiyo iliyonifundisha kuogopa chupa ya namba ndogo kuliko ya namba kubwa. Mnunuzi wa kawaida anaogopa kinyume.

Kuna kitu kinaniuma zaidi, na watu wa Kahe na Chekereni, mnaoijua malaria, mnisikilize. Hahnemann alianzia kwenye malaria. Mwaka 1790 alikuwa anatafsiri kitabu cha dawa, akasoma habari za gome la mti wa sinkona, lililokuwa dawa ya malaria, akalijaribu mwilini mwake na kujiona na dalili kama za homa ya vipindi. Kutoka hapo akajenga kanuni yake yote. Miaka 30 baadaye, 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakachukua gome lile lile wakatoa ndani yake kitu chenyewe kinachofanya kazi. Kwinini. Ile chungu tuliyolazimishwa kumeza tukiwa tumebanwa pua. Gome moja, huyu analizimua mpaka linaisha, hawa wanalichuja mpaka kinabaki kile kinachoua vijidudu. Na dawa mseto mnayopewa leo, nusu yake asili yake ni mpakanga, mmea, umelimwa hata huku kwetu kaskazini. Sipingani na mimea mimi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi homeopathi isitumike kutibu malaria, kifua kikuu, Ukimwi wala kuhara kwa watoto. Australia walipitia tafiti, wakatoa ripoti 2015: hawakupata ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inautibu. Haya nayasoma usiku. Mchana nafanya mtihani.

Sasa mzee. Amekuja saa mbili asubuhi, koti la suti, kofia mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja kwa zile peremende."

Mjukuu wake alimwonyesha video yangu moja ya zamani. Akatoa mfuko wa nailoni mfukoni, ndani kuna dawa zake za presha, pakiti nzima. Ameziacha siku kumi na mbili. Kwa nini babu? Kwa sababu akimeza jioni anaamka kukojoa mara nne, na choo kiko nje, na baridi hii. Nikampima kwa kile kimashine cha mama cha mkononi: 182 juu, 106 chini. Yeye anacheka tu, anasema anajisikia mzima. Nikamwambia sina dawa yake. Akanikazia macho.

"Mbona mwaka 2011 nilikwenda Samunge, kwa Babu wa Loliondo? Foleni siku tatu, kikombe 500. Na nilirudi nikiwa mwepesi."

Nilitaka kumjibu kwamba kile kikombe angalau kilikuwa na mizizi iliyochemshwa, 30C haina hata hiyo. Nikanyamaza, ni mzee. Na niwaambie, kwenye begi langu kuna kichupa cha vidonge vitupu vya mazoezi, sukari tu. Ningempa kumi, angeondoka na furaha, na jioni ningeletewa mkungu wa ndizi. Hakuna ambaye angejua, labda mimi peke yangu, na mashine ya mama.

Nikamwandikia kwenye karatasi vile vipimo viwili, nikaongeza swali moja la kumuuliza daktari wake: naweza kuzimeza asubuhi badala ya jioni? Nikamwitia bodaboda mpaka kituo cha afya, nikalipa mimi.

Mnaoniuliza kwenye maoni kama nitaacha chuo, sijui niwaambie nini. Nimebakiza miaka miwili na nusu. Hapa nyumbani sheria ya 2002 inaiweka homeopathi kwenye tiba mbadala, ina baraza lake, kwa hiyo nikirudi na hicho cheti siitwi daktari kama mnavyoniita getini. Natafuta njia ya kuhamia famasia ya kawaida. Kupima, kusaga, kuandika lebo, mkono tayari ninao. Baba bado hajajua. Sasa amejua, maana anatazama chaneli.

Aha, tayari, saa imetimia. Oneni unga ulivyokuwa laini, kama poda ya mtoto. Mama anautia kwenye chai yake. Mama! Haya.

Yule mzee alinipigia jana jioni, simu ya mjukuu. Nikauliza, babu, wamekwambiaje?

"Wamenipa zilezile mwanangu. Wamesema nimeze asubuhi." Kisha akakaa kimya kidogo. "Ila hazina utamu kabisa."