Ganda la Risasi la Kijapani: Pima, Piga Picha, Usisugue

Karibuni tena mezani. Leo nina maganda manne ya risasi, ganda moja la mzinga wa milimita 70 na fyuzi moja ya kombora, yaani kifaa cha kulilipua, vyote vya Japani, vya Vita Kuu ya Pili. Vyote ni vitupu. Baruti hakuna, fataki, zile kofia ndogo za kuwashia baruti kitakoni, zilishapigwa zamani, na fyuzi nilinunua pamoja na hati ya ukaguzi.

Kitu ulichookota ardhini si somo la leo. Makombora mengi ya Kijapani yalijazwa kilipuzi kiitwacho asidi ya pikiriki, na asidi hiyo ikikaa na chuma miaka mingi huzaa chumvi inayoweza kulipuka kwa kuguswa tu. Wajapani walilijua hilo, ndiyo maana walipaka laka, rangi ya kinga, ndani ya kombora. Ukiona unga wa manjano kwenye skrubu, ondoka, zuia wengine wasisogee, ita polisi. Honiara, Visiwa vya Solomon, Mei 2021, watu walikuwa wanapika nje, bomu la vita hiyo lililofukiwa chini ya moto likalipuka, watu wakafa. Na ninyi mlio Kenya na Tanzania, hata risasi moja isiyofanya kazi ulizieni polisi kabla hamjaileta nyumbani.

Haya. Kitambaa cheusi, rula, glavu, tochi, kalipa ya kupimia. Piga picha ya kitu kama kilivyo, pande zote. Twende.

Tunapima urefu wa ganda. Hili milimita 51: ni la risasi ya unene wa milimita 6.5, bunduki ya Aina ya 38. Haya mawili 58: ni ya 7.7. Sasa pitisha ukucha kwenye kitako. Ukikwama kidogo kwenye ukingo uliotokeza, hiyo ni Aina ya 92, ya bunduki ya rasharasha. Ukipita bila kukwama, Aina ya 99. La nne lina ukingo mpana kabisa na urefu wa 56, ni la jeshi la majini. Hili lafanana mno na risasi ya .303 ya Mwingereza, ile waliyobeba askari wa Keya (King's African Rifles) kule Burma, kwa sababu Wajapani waliiga risasi hiyohiyo.

Sasa geuza kitako. Sogea, kamera... subiri, inang'aa mno. Nazima taa ya juu. Hapo. Mnaona maandishi? Hakuna! Risasi za bunduki za jeshi la nchi kavu la Japani kwa kawaida hazikupigwa muhuri kitakoni. Kwa hiyo kinachobaki kukuambia ilikuwa risasi gani ni rangi. Tazameni mdomoni, pale risasi ilipoingia: mabaki ya rangi ya waridi. Waridi ni risasi ya kawaida, nyeusi ni ya kutoboa chuma, kijani ni ile inayong'aa njiani.

Kwa hiyo USISUGUE. Si kwa dawa ya kung'arishia shaba, si kwa limau, si kwa majivu. Wauzaji wengi huyang'arisha yapendeze, na ganda linabaki shaba tupu lisilo na habari. Vumbi, brashi laini. Basi.

La majini ni tofauti: rangi inazunguka fataki, na maana zake zinabadilika. Nyeusi huku ni ya kawaida, nyeupe ya kutoboa chuma, nyekundu ya kung'aa njiani, kijani ya kuwasha moto. Kijani moja, jeshi mbili, maana mbili. Andika kwanza jeshi, halafu rangi.

Fyuzi. Naipenda hii kuliko vyote mezani. Maandishi ni haya: 八八式. Hiyo ya mwisho ni "aina", na hizo mbili ni nane na nane: Aina ya 88. Wajapani walikuwa na hesabu ya miaka ya ufalme wao, na 1940 ilikuwa mwaka wa 2600. Kwa hiyo 88 ni 2588, yaani 1928. Lakini huo ni mwaka wa muundo kukubaliwa, si mwaka wa fyuzi hii kutengenezwa! Aina za zamani zilifuata miaka ya mfalme: ile bunduki ya Aina ya 38 ni mwaka wa 38 wa mfalme Meiji, 1905.

Mwaka wa kutengenezwa tuutafute kwenye ganda la mzinga. 昭, hiyo ni Showa, jina la enzi ya mfalme wa wakati huo. Ongeza 1925. Showa 15 ni 1940. Rahisi, mpaka muhuri uwe umechakaa. Angalieni tarakimu hii. Nane ni 八. Sita ni 六, nane iliyovaa kofia. Kofia ikifutika, 1941 inageuka 1943. Laza tochi ubavuni, karibu sawa na meza, uzungushe polepole... polepole... kamera imepoteza fokasi, ngoja... hapo! Kivuli kimeonyesha kofia. Ni sita. Showa 16. Piga picha nne, mwanga toka pande nne, ndipo uandike. Na usiisugue ili isomeke. Hapana. Weka karatasi nyembamba juu, pitisha penseli ubapa wake, alama itatokea yenyewe.

Ukiona nanga, ni ukaguzi wa jeshi la majini. Mipira minne ya mizinga iliyopangwa ni karakana ya Tokyo, baadaye Kokura, kazi ilipohamishwa kufuatia tetemeko la 1923.

Mwisho ni kadi. Vipimo, rangi, muhuri kama unavyoonekana, tarehe kwa hesabu zote mbili, na ulipata wapi kwa nani. Palipofutika andika "haisomeki", usikisie. Kadi zilizochapwa nauza, maelezo chini ya video, ingawa daftari la shule linatosha. Kadi ikae sanduku moja na kitu chake.

Kama babu yako alikuwa Keya na alirudi kutoka Burma na kitu kama hiki, usinitumie kitu. Kiache pale kilipo, usikifungue, waite polisi wakikague. Nitumie jina la kikosi chake na alichowasimulia. Hayo ndiyo ninayoyakosa kwenye kadi zangu.