Jina la Filamu Linaloshuka Kama Mvua: Maandishi ya Mwanzo, Hatua kwa Hatua

Karibuni. Leo tunatengeneza maandishi ya mwanzo wa filamu fupi, yale yanayotokea kabla hadithi haijaanza. Tuseme filamu yetu inaitwa MVUA YA VULI. Programu ni mbili, zote zinapatikana bure: Inkscape ya kuchorea herufi, na DaVinci Resolve ya kuzitia mwendo. Dhahabu inayong'aa, moshi na herufi zinazopasuka kwa kishindo leo hatuzigusi. Zimechosha, jamani.

Kabla ya kuwasha kompyuta, chukua karatasi. Andika jina kwa herufi kubwa, ulitazame vizuri. M, V, A, Y, L, I: zote ni mistari minyoofu. U peke yake ndiyo yenye tumbo. Filamu ni ya mvua, na mistari mingi ya jina hili inashuka wima au kwa kuinama, kama mvua ya upepo. Wazo tumelipata ndani ya jina lenyewe. Mwaka 1979 mbunifu wa maandishi ya filamu, Richard Greenberg, alifanya jambo la aina hii kwenye filamu ya Alien: vipande vya herufi vinajitokeza kidogo kidogo, taratibu mno, na mtazamaji anachelewa kutambua kwamba anasoma jina. Hofu inamwingia kabla hajaonyeshwa chochote cha kutisha.

Haya, fungua Inkscape. Ukurasa uwe pikseli 3840 kwa 2160, hata kama filamu yako ni 1920 kwa 1080. Baadaye tutaikuza picha kidogo na hatutaki ukungu. Andika jina kwa fonti ya kawaida isiyo na mapambo kwenye ncha. Mimi natumia Montserrat, leseni yake inaruhusu kazi ya biashara. Fonti uliyorushiwa kwenye WhatsApp, tafuta leseni yake kwanza. Filamu ikiingia sokoni mwenye fonti anaweza kukudai.

Sasa tazameni hapa, kati ya Y na A. Mnaona pengo? Na huku U na L zimebanana. Weka kishale kati ya Y na A, shika Alt, bonyeza mshale wa kushoto mpaka zisogeleane. Kwa U na L fanya kinyume. Usipime kwa rula, kwa sababu herufi zilizoinama na zilizosimama haziachi nafasi ya aina moja. Umbali ukilingana kwa rula, jichoni haulingani. Ukikwama, geuza maandishi juu chini. Jicho likishindwa kusoma, linaanza kuona mapengo. Hatua hii itakula muda kuliko nyingine zote, na usiione kero. Madoido yoyote utakayoweka juu ya herufi zilizokaa ovyo hayataziokoa.

Zikishakaa, zichore upya juu yake kwa zana ya kalamu, kila mstari peke yake, unene mmoja. Kisha futa maandishi ya chini na utoe picha tatu za PNG. Ya kwanza ni mistari iliyosimama tu: miguu ya M, pande za U, kigingi cha Y, L na I. Ya pili ni iliyoinama. Ya tatu ni matumbo ya U, mguu wa L na vile vijiti vya katikati ya A. Wakati wa kutoa, chagua ukurasa mzima, siyo kipande ulichokishika, la sivyo picha hazitakaa juu ya nyingine sawasawa.

Twende Resolve. Mradi uwe wa fremu 25 kwa sekunde. Panga picha tatu, moja juu ya nyingine, zote zianze pamoja na ziishe pamoja. Ya kwanza iibuke taratibu ndani ya fremu 12. Ya pili ibaki imefichwa, iibuke baada ya sekunde mbili, ya tatu vilevile, sekunde mbili tena. Jina likikamilika liache sekunde tatu. Zote tatu zikuze kutoka 1.00 hadi 1.03, mwanzo hadi mwisho. Mtu asiuone mwendo huo, auhisi tu. Rangi isiwe nyeupe kabisa, ipunguze kidogo.

Majina ya watu ni kazi nyepesi: cheo kidogo, jina kubwa, fonti ileile, na yasikaribie ukingo kwa asilimia 5 kila upande. Kila jina likae muda wa kulisoma kwa sauti mara mbili. Kwa kawaida la mwongozaji huja mwisho. Jina likiwa na ng', weka alama iliyojipinda (’), siyo kile kijiti kinyoofu cha kibodi. Kwenye skrini kubwa kinaonekana kama uchafu.

Toa klipu, itume kwenye simu, toka nje uitazame juani. Vijiti vya A visipoonekana, rudi Inkscape, ongeza unene wa mistari, utoe picha upya.