Pakeni na Ndani: Mhadhara kwa Mafundi wa Mipini ya Wembe, Lubumbashi

Bapapa na bamama, bafundi wenzangu, habari za mchana. Kukata mbao mbili za mpini zilingane, kuzipunguza hadi milimita 3, kutoboa matundu, hayo mnayajua. Nimekuja kwa jambo lile lile ninalolisema kila nikipewa nafasi: pakeni mafuta na upande wa ndani wa mbao!

Kinyozi mmoja wa Katuba aliniletea wembe wa kukunja, chuma cha Solingen, Ujerumani, mpini mpya wa mukula, ule mti mwekundu wa huku kwetu. Kwa nje uling'aa hata ukajitazama humo. Ulitengenezwa mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kikali hapa kwetu. Mvua zilipokolea, ubao mmoja ukapinda kwa ndani, na kila akikunja wembe, makali yanakwaruza mti. Nikasaga kichwa cha pini kwa tupa, nikaufungua. Ndani mti ulikuwa mtupu, alama za msumeno bado zinaonekana, na pale chuma kinapolala pana doa jeusi. Kwenye chuma chenyewe, mahali palepale, kutu.

Fundi alipaka upande unaoonekana tu. Sasa upande wa nje umezibwa, haunywi kitu. Wa ndani uko wazi, unakunywa unyevu wa hewa na maji ya wembe usiofutwa vizuri. Unaokunywa unavimba, wa pili hausogei. Ubao mwembamba namna ile utafanya nini? Utapinda.

Kuna atakayesema mukula ni mgumu, haunywi maji. Unakunywa! Unakunywa polepole, ndiyo maana mteja anarudi baada ya miezi. Mwingine atasema atapaka akishagonga pini. Kwa brashi gani? Nafasi iliyobaki kati ya mbao inatosha wembe peke yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha: msasa namba 120, 220, halafu 400, ndani kama nje. Mafuta ya kitani, tabaka jembamba. Futa yote yaliyobaki juu, acha yakauke kabisa ndipo upake tena. Mteja akikuharakisha, mwambie asubiri. Na vitambaa vyenye mafuta hayo, tafadhali, msivirundike kwenye kona ya karakana: vinapata joto vyenyewe hadi vinawaka moto. Vitandazeni nje.

Naona muda unatubana. Pini: waya wa shaba ya manjano, milimita 1.6. Najua, mji wetu ni wa shaba nyekundu, lakini ile ni laini, na pale wembe unapozungukia inalegea upesi. Kabari, kile kipande kinachokaa kati ya mbao mbili kwenye mkia wa mpini, iwe nene mwishoni, ikonde kuelekea kwenye wembe. Kichwa cha pini kigongeni kwa nyundo ndogo, kidogo kidogo, mkizunguka. Mkipiga kwa nguvu, mti unapasuka. Habari ya mipini ya pembe na mifupa tuiache leo. Leteni hapa mezani mipini mliyokuja nayo, tuanze kuifungua.